Faili la Saa Nane na Dakika Kumi

Inspekta aliisoma ripoti ya maabara mara ya tatu, na mara ya tatu akapandwa na mori. Ripoti yenyewe haikufika nusu ukurasa. Kwa maneno hayo machache, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa ualimu alikuwa amelala selo siku tatu, na kwa maneno hayohayo alitakiwa kupandishwa kwenye gari la mahakamani saa sita mchana wa Jumatatu hiyo.

“Mashine ya kuchezea gemu,” ripoti ilisema, “imebadilishwa kinyume cha matumizi yake na kuwekewa mfumo endeshi uitwao Linux, ambao hutumiwa na wadukuzi. Ndani yake limekutwa faili la mtihani wa mwisho wa hisabati, lililoingizwa Alhamisi saa nane na dakika kumi mchana.”

Aliyeiandika alikuwa amesimama mbele ya meza yake, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri sifa. Kituo kizima kilimwita Sajini Vilevile, kwa kuwa ripoti zake zote zilifanana. Alichofanya ni kubadilisha jina la mshtakiwa na tarehe, na mara nyingine akasahau hata tarehe.

“Hutumiwa na wadukuzi,” Inspekta alisoma kwa sauti. “Nani kakwambia?”

“Inajulikana, afande.”

“Inajulikana na nani?”

“Mkuu wa Mitambo wa chuo ndiye aliyesema. Yule ni mtaalamu.”

“Na wewe ni nani? Mpishi?”

Sajini akatazama ncha za viatu vyake.

“Nijibu, Sajini. Kompyuta ya maabara yako, ile unayonakilia diski za watu, inaendeshwa na mfumo gani?”

“Linux, afande.”

“Basi jikamate.”

Mtu wa meza ya pili alikohoa kuficha kicheko. Inspekta hakucheka. Alikunja ripoti, akaitia kwenye jalada, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na nusu. Saa tano kamili Mkuu wa Kituo angemwita msichana ofisini mwake kutia sahihi maelezo ya kukiri kosa, maelezo yaliyokwisha kuchapwa tangu jana. Mama wa msichana alikuwa ameahidiwa kwamba mwanawe akisaini tu, wataondoka pamoja kwenda nyumbani. Hilo ndilo lililomkera Inspekta kuliko yote. Mkuu wa Kituo hakuwa na mamlaka ya kumpeleka mtu nyumbani akishakiri kosa la namna ile. Alijua hana, na bado akaahidi, akimtazama mama wa watu machoni.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi kusimulia. Mtihani ulikamilika kuchapwa Alhamisi saa saba na nusu. Karani wa ofisi ya mitihani akaenda kula, akaacha mlango umerudishiwa tu, akarejea saa nane kamili. Kufikia jioni ile maswali yalikuwa yameenea kwenye simu za wanafunzi, na usiku mtihani ukafutwa. Watu mia tatu wangelazimika kusubiri mwaka mzima kuufanya tena. Chuo kilitaka mwizi, na Ijumaa asubuhi kikampata: msichana wa bweni la pili aliyekuwa na mashine ya gemu isiyocheza gemu.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza iliyofungwa sakafuni kwa skrubu na viti viwili visivyolingana urefu. Msichana alikuwa amekaa kwenye kile kifupi. Wenzake walimwita Waya, kwani mfukoni mwake hamkukosa kipande cha waya. Siku tatu za selo zilikuwa zimemkausha midomo, lakini hazikumwinamisha kichwa.

Inspekta aliketi, akaweka daftari mezani, akaanza bila salamu.

“Alhamisi umeme ulikatika mtaa mzima wa mabweni tangu saa sita mchana mpaka saa kumi. Nimethibitisha kwa watu wa umeme wenyewe, na matroni wa bweni ameniambia hivyohivyo. Ripoti inasema faili liliingia kwenye mashine yako saa nane na dakika kumi. Mashine haiwezi kuandika kitu bila umeme. Unaona tunakokwenda?”

Alikuwa ameshinda Jumapili nzima akiitafuta hoja hiyo. Alitarajia kuona uso wa msichana ukichangamka.

Waya alitikisa kichwa. “Bweni la pili halizimiki, afande.”

“Unasemaje?”

“Tumeunganishwa na jenereta ya zahanati ya chuo. Ukuta mmoja. Matroni analala bweni la kwanza, ndiyo maana hajui. Alhamisi umeme ulikatika, jenereta ikawaka, nami nilikuwa chumbani naandika programu yangu.”

“Na nani?”

“Peke yangu.”

“Saa nane na dakika kumi?”

“Tangu saa saba mpaka saa kumi na moja.”

Inspekta alifunga daftari kwa kishindo. “Wewe binti una akili timamu? Nimekuletea kamba ya kutokea shimoni, unaikata kwa meno yako mwenyewe!”

“Ingekatika tu,” Waya alijibu, naye sauti imepanda. “Wangeenda kuiona jenereta, wangesema nimedanganya, na hapo kila ninachosema kingekuwa uongo. Ningetaka kukudanganya, afande, ningekudanganya vizuri.”

Walitazamana. Mlangoni askari alichungulia, akaona hali ilivyo, akarudisha kichwa chake nje.

“Haya,” Inspekta alisema, safari hii polepole. “Nieleze hiyo mashine. Nieleze kama mtu asiyejua kitu, kwa sababu sijui kitu.”

Waya alilamba midomo. Alipoanza kuongea, mikono yake ilitoka mapajani ikaanza kuchora hewani.

“Ukiiwasha, inacheza gemu basi. Kiwandani waliifunga isifanye kingine. Sasa kuna gemu moja la mbio za magari, linakuomba jina la dereva. Walitenga nafasi ya herufi kumi na sita. Wewe unaipa jina la herufi elfu moja. Linafurika, linamwagikia pale ambapo mashine huweka maagizo yake. Na ndani ya jina lenyewe umeficha maagizo yako. Mashine inayasoma ikidhani ni yake, inakufungulia mlango, unaingiza Linux. Basi. Unayo kompyuta.”

“Kwa hiyo unaidanganya.”

“Ni mashine yangu! Ilitupwa kwenye lundo la vyuma chakavu nyuma ya karakana, karani wa stoo akaniandikia hati miaka miwili iliyopita. Mama yangu ni mshonaji. Akifumua gauni lake mwenyewe akashona shati, mnamkamata?”

Inspekta alifungua daftari tena.

“Sikuwa na kompyuta,” Waya aliendelea. “Maabara ya chuo ina foleni, na Bwana Nywila anafunga saa tisa.” Hilo ndilo jina wanafunzi walilompachika Mkuu wa Mitambo, ambaye hakupata kumpa mtu nywila ya kitu chochote bila kumfanya asimame kwanza. “Kuna watu huko duniani, hatujuani sura, kila mmoja yuko chumbani mwake anatengeneza programu za mashine hizi na kuzigawa bure. Mimi nilitengeneza yangu ya kufundishia watoto sehemu za namba. Kuku anagawa mahindi. Ukikosea kugawa, anakudonoa. Watu wa nchi nne wameichukua. Bwana Nywila nilipomwonyesha alisema, binti, mashine ya gemu si kompyuta. Ijumaa ndiyo ikageuka kuwa kompyuta, tena ya mwizi.”

“Ukiizima, inakuwaje?”

“Inasahau. Ukiwasha tena unaanza upya na jina la dereva. Hata saa inasahau. Betri ya saa ilikufa, imelehemewa ndani na sijapata ya kufanana nayo. Tundu la mtandao nalo liliungua kabla sijaiokota, kwa hiyo haina pa kuuliza. Kila nikiiwasha inaamini ni saa sita usiku, mosi Januari, mwaka elfu mbili. Wenzangu wananiambia mimi peke yangu chuoni ndiye sizeeki.”

Inspekta alikuwa ameanza kuandika. Kalamu ikasimama katikati ya neno.

“Rudia hapo.”

“Sizeeki?”

“Kabla ya hapo. Faili ukiliingiza kwa flashi, linapata tarehe gani?”

“Ya mashine. Nikinakili kitu, mashine inalipiga faili tarehe yake yenyewe. Vitini vyote vya masomo yangu mle ndani ni vya mwaka elfu mbili, hata vya mwezi uliopita.” Waya aliacha kuongea. Mikono yake ikabaki hewani. Hakuwa ameonyeshwa ripoti. Hakuna aliyeona haja ya kumwonyesha. “Kwani hiyo Alhamisi saa nane na dakika kumi waliisoma kwenye faili lenyewe?”

Inspekta alikuwa ameshasimama. “Usisaini kitu,” alisema. “Hata wakikuletea karatasi ya kuombea maji ya kunywa, usisaini.”

“Mama amekuja,” Waya alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetereka. “Analia, afande. Siku tatu analia.”

*

Maabara ilikuwa chumba cha zamani cha kuhifadhia mafaili ya karatasi, na bado kilinuka vumbi. Sajini Vilevile alitoa diski kwenye mfuko wenye lakiri, akasoma namba, Inspekta akaisoma naye, wote wawili wakaandika muda kwenye daftari la vielelezo.

“Hii ndiyo yenyewe?”

“Yenyewe imefungwa kabatini. Hii ni nakala niliyoitoa Ijumaa jioni ilipofika tu. Nakala haiandikiki, afande, inasomeka tu.”

“Hilo angalau ulifanya. Fungua folda yake. Yote.”

Orodha ilianza kushuka kwenye kioo. Vitini, majaribio, picha za kuku akiwa na mguu mmoja, kuku akiwa na miguu miwili, barua kwa mtu aliyeitwa dada mkubwa. Mkabala na kila faili palikuwa na tarehe, na tarehe ilikuwa ileile: mosi Januari, mwaka elfu mbili, saa sita na dakika saba usiku, saa nane na nusu usiku, saa sita na dakika nne. Sajini alishusha orodha, Inspekta akafuata kwa ncha ya kalamu bila kugusa kioo. Mafaili mia mbili na kumi na saba yalikuwa ya siku moja isiyokwisha. Moja halikuwa la siku hiyo. Mtihani wa hisabati, Alhamisi iliyopita, saa nane na dakika kumi mchana.

“Mashine yenye saa iliyokufa,” Inspekta alisema. “Kwa miaka miwili haijapata kujua leo ni lini. Alhamisi ikapata fahamu kwa faili moja tu, kisha ikapoteza tena. Hukuliona hili?”

“Nilitafuta neno mtihani, afande. Lilipotokea nikaandika.”

“Ukaandika!” Alipiga ukingo wa meza kwa kiganja, na kikombe cha kalamu kikaanguka. “Siku tatu mtoto wa mtu analalia saruji kwa sababu wewe ulitafuta neno moja ukaridhika!”

Sajini aliinama kuokota kalamu. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika. Haukuwa tena wa mtu anayesubiri ama sifa ama kofi.

“Watasema msichana aliirekebisha saa kwa mkono siku hiyo, afande,” alisema. “Inawezekana. Ni amri moja.”

Inspekta alimtazama. Ilikuwa hoja ya kweli, na iliangukia palepale alipokuwa ameanza kuona njia. “Kwa hiyo tumerudi mwanzo.”

“Hapana. Kuna tarehe nyingine.”

“Tarehe ipi?”

“Faili lina tarehe zaidi ya moja. Hii inayoonekana ni ya kuandikwa, na mtu anaweza kuibadilisha akitaka, akaiweka hata ya siku aliyozaliwa bibi yake. Lakini akiligusa faili, hata kwa kule kuibadilisha tarehe tu, mfumo unaandika pembeni saa iliyoguswa. Hiyo ya pembeni haina amri ya kuibadilisha. Mfumo hauulizi mtu.”

“Kwa nini haimo kwenye ripoti?”

“Sijawahi kuulizwa.”

Inspekta alifumba macho, akahesabu mpaka tano. “Nakuuliza.”

Sajini aliandika amri ya neno moja na jina la faili. Mistari minane ikatokea. Alhamisi, saa nane na dakika kumi, ilikuwa pale, safi, bila hata sekunde ya ziada, kama saa iliyoandikwa na binadamu. Chini yake palikuwa na ile ya pembeni, yenye sekunde zake na vipande vya sekunde: Ijumaa, saa sita kasoro dakika nane mchana.

Inspekta alifungua jalada, akatoa rejista ya selo. Waya aliingizwa Ijumaa saa nne na robo asubuhi. Akatoa fomu ya makabidhiano. Mashine ilichukuliwa bwenini saa tatu asubuhi na Mkuu wa Mitambo, ikaletwa kituoni naye huyohuyo saa kumi jioni. Nafasi ya kueleza ilikaa wapi katikati ya saa hizo, na nani alikuwa na ufunguo, ilikuwa tupu.

“Chapa mistari hiyo,” alisema. “Nakala tatu. Tia sahihi, na safari hii uandike ulichokiona wewe, si alichokiona mtu mwingine.”

Alitoka na nakala zake, lakini hakupanda ngazi moja kwa moja. Alipitia kaunta kwanza, akaomba kitabu cha matukio, akaandika mistari kumi kwa mkono wake, akachukua namba.

*

Saa tano na dakika ishirini aliingia ofisini kwa Mkuu wa Kituo bila kungoja kuitikiwa hodi.

Walikuwa wanne. Mkuu wa Kituo alikaa nyuma ya meza yake pana. Bwana Nywila alikuwa kwenye kiti cha wageni, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, kitita cha funguo kikining'inia mkandani. Waya alisimama ameinamia meza. Mama yake, mwanamke mwembamba mwenye pini mbili zilizosahaulika kwenye kola, alikuwa amemshika mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na kalamu. Kurasa mbili zilikwisha kutiwa sahihi. Ya tatu ilikuwa bado.

“Nilikwambia nini?” Inspekta alimuuliza Waya.

“Mwache mwanangu,” mama akadakia. “Mheshimiwa amesema akimaliza hii tunaondoka. Mwanangu, maliza. Maliza twende.”

“Inspekta,” Mkuu wa Kituo alisema, “hukuitwa hapa.”

“Najua, mkuu. Nimeleta kasoro ndogo tu ya utaratibu.” Sauti yake ilikuwa imelainika kiasi kwamba Waya aliinua uso kumtazama. “Fomu ya makabidhiano haijajazwa. Msichana akisaini kabla ya kielelezo kukamilika, hakimu ataturudishia jalada lote. Ni mistari mitatu ya Mkuu wa Mitambo. Dakika moja.”

Mkuu wa Kituo alipumua kwa nguvu, akapunga mkono. Bwana Nywila akasogeza kiti.

“Mistari mitatu tu? Hata kumi nitakupa.”

“Baada ya kuichukua mashine bwenini uliiweka wapi?”

“Kabatini, ofisini kwangu. Kabati la chuma.”

“Nani mwingine ana ufunguo?”

Bwana Nywila alikipigapiga kile kitita. “Afande, mimi hata mkuu wa chuo simpi ufunguo. Niko peke yangu.”

“Kuna mtu aliyeingia ofisini humo kabla hujaileta kituoni?”

“Hakuna. Nilikuwa mle tangu saa tatu mpaka saa kumi. Hata chakula sikutoka kula.”

“Uliiwasha? Uliifungua?”

“Sikuigusa hata kwa kidole. Nayajua mambo ya ushahidi, siyo kama hawa watoto wanaofungua kila wanachokiona.” Alimtupia Waya jicho. “Binti alikuwa na kipaji, sikatai. Kipaji kibaya.”

“Andika hivyohivyo ulivyosema,” Inspekta alisema. Bwana Nywila akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Akatia sahihi, akaweka na tarehe na saa, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu.

Inspekta aliichukua fomu, akaisoma, akaitia kwenye jalada. Kisha akatandaza karatasi ya maabara mbele yake.

“Isome.”

Bwana Nywila aliisoma. Mtu asiyeijua mistari ile angeona namba tupu. Yeye aliijua. Macho yake yalishuka mpaka mstari wa saba, yakaganda.

“Nini hicho?” Mkuu wa Kituo aliuliza.

“Faili la mtihani liliguswa Ijumaa saa sita kasoro dakika nane,” Inspekta alisema, bila kumwondolea macho Bwana Nywila. “Wakati huo msichana alikuwa na saa moja na nusu ndani ya selo yetu, mkuu, rejista yako inasema. Mashine ilikuwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake anao mtu mmoja, ndani ya ofisi ambayo alikuwemo mtu mmoja, naye ametuandikia hivyo sasa hivi kwa mwandiko mzuri sana.”

“Saa ya mashine inaweza kukosea,” Bwana Nywila alisema.

“Inakosea! Ndiyo ninachokwambia! Inakosea siku zote! Mafaili mia mbili na kumi na saba, yote yamekosea, isipokuwa lako! Ulitoa diski ukaichomeka kwenye kompyuta yako yenye saa nzuri, ukapachika mtihani, ukarudisha tarehe nyuma mpaka Alhamisi ili ilingane na muda wa karani kwenda kula. Ulifanya kazi safi. Ungekuwa mzembe kidogo ningekukosa.”

“Mashine ya gemu,” Bwana Nywila alinong'ona, kama anayemlaumu mtu. “Nani angejua saa yake imekufa?”

“Mimi nilikwambia,” Waya alisema.

Wote wakamgeukia.

“Nilipokuonyesha programu yangu. Nilikwambia saa haifanyi kazi, nikakuomba betri. Ulikuwa unaangalia simu.”

Bwana Nywila aliisukuma mbali karatasi ya maabara. Kisha maneno yakamtoka kwa pupa. “Mkuu, mimi nimelinda chuo! Wangesema mtihani umevuja kwenye mitambo yangu. Miaka kumi na nane, hakijawahi kuvuja kitu kwangu! Ilihitajika sura ya mtu, na huyu... huyu angekamatwa siku moja kwa kitu kingine, wako hivyohivyo hawa.”

Mama alimwachia Waya mkono. Alipiga hatua mbili, akasimama mbele ya kiti cha wageni, na Inspekta akajiweka tayari kumzuia. Lakini mama hakuinua mkono.

“Ulikaa na mimi kwenye benchi pale nje,” alimwambia. “Asubuhi hii. Ukaniambia, mama, mshauri mwanao, mimi ni kama baba yake. Nikakushukuru. Nilikushukuru wewe!”

Mkuu wa Kituo alikuwa ameinuka, mikono imetandazwa mbele yake kama mtu anayetuliza ng'ombe. “Sasa tusikilizane. Jambo hili ni zito, lina heshima ya chuo, lina heshima ya kituo. Binti aende na mama yake nyumbani, sisi tubaki tuyazungumze kwa utulivu. Inspekta, hizo karatasi niachie.”

“Ziko tatu, mkuu. Hiyo ni yako. Ya pili iko maabara. Ya tatu imebandikwa kwenye kitabu cha matukio, na namba nimeshachukua. Mwendesha mashtaka ana nusu saa tangu asomewe kwa simu.”

Uso wa Mkuu wa Kituo ulipoteza utulivu wote aliokuwa ameutaka kwa wengine. “Umenizunguka?”

“Ulimwahidi mama huyu kitu ambacho huna,” Inspekta alisema. Sauti ilikuwa imemkauka kwa hasira na hakujaribu kuilainisha. “Ungemsainisha, kisha saa sita angempungia mkono mwanawe kwenye dirisha la gari la mahabusu. Nalo hilo nimeliandika.”

Aliita askari wawili. Bwana Nywila alisimama mwenyewe, akafungua kitita mkandani na kukiweka mezani kabla hajaambiwa. Wakamtoa. Mkuu wa Kituo alifuata nyuma yao, simu sikioni, akiongea na mtu kwa sauti ya unyenyekevu ambayo kituo hakikuizoea.

Ofisini wakabaki wanawake watatu: Inspekta, mama na Waya. Mama alijaribu kumfunga mwanawe khanga begani, ingawa hapakuwa na baridi.

“Nisamehe, mwanangu. Waliniambia. Wote waliniambia, watu wakubwa, wenye ofisi.”

“Na mimi nilikwambia, mama,” Waya alisema. “Mara ngapi? Nilikwambia mimi.”

“Twende nyumbani. Ukale, ukaoge. Twende, yameisha.”

Waya alitazama zile kurasa mbili zilizobaki mezani, zenye sahihi yake chini ya maneno ambayo hakuyatamka. Alinyoosha mkono. Inspekta akamwahi.

“Usizichane. Hizo sasa ni kielelezo.”

“Sikutaka kuzichana. Nilitaka kusoma nilichokiri.” Alizisoma, mstari baada ya mstari, kidole kikifuata, huku mama yake akingoja mlangoni. Alipomaliza alizirudisha mahali pake, akavuta kiti cha wageni kilichokuwa bado na joto la mtu, akaketi.

“Waya,” mama alisema. “Twende.”

“Tangulia, mama. Nakuja.” Akamgeukia Inspekta. “Mtu akitaka kufungua shauri anafungulia hapa?”

“Hapa. Dhidi ya nani?”

Waya aliutazama mlango aliotokea Bwana Nywila, kisha kiti kitupu cha Mkuu wa Kituo.

“Una karatasi ngapi?” aliuliza.